Kando ya Maji Hadi Ikola

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka miguu yangu huanza kuchezacheza yenyewe chini ya meza, kama bado iko kwenye pedali. Nywele zangu sasa ni nyeupe na goti la kushoto linanibishia kila asubuhi, lakini siku ile ikinijia sihisi goti wala umri. Nasikia upepo wa ziwa, kengele ya baiskeli ya mdogo wangu Sabas mbele yangu, na kokoto zikirukaruka chini ya matairi. Kaa nikusimulie taratibu. Ndani ya siku ile kuna neno nililoambiwa na mama mmoja wa ufukweni, na nimelitumia maisha yangu yote.

Sabas alikuwa mkulima wa mpunga kwetu Majimoto. Mimi nilikuwa nimeshahamia Mpanda, nakaa Kawajense na kushona nguo, na nilikuwa na baiskeli yangu ya chuma ambayo majirani walisema inanifaa kuliko mume. Sabas alikutana na Yusta sokoni Majimoto. Yusta alikuja na shangazi yake kuuza dagaa kutoka Ikola na kurudi na mchele. Alipokuja mara ya tatu, Sabas alinunua dagaa wengi kiasi kwamba mama yetu alimuuliza kama anafungua duka. Ndipo tukajua.

Sabas alipotuma ujumbe wa kutaka kujitambulisha, baba yake Yusta hakukataa na hakukubali. Mzee Ladi alikuwa mvuvi na mkuu wa boti, mtu wa maneno machache. Alimpa binti yake majibu ayafikishe, na Yusta aliyasema mbele yetu bila kupunguza kitu:

"Baba anasema uje kwa baiskeli yako. Lakini usipite barabara ya juu. Ufuate maji kutoka Karema mpaka Ikola. Ufike siku anayoingia ziwani, kabla hajaondoka. Ukifika, anataka kukuuliza kitu kimoja tu."

"Kitu gani?" Sabas akauliza.

"Ningekijua ningekwambia. Na anasema usipofika siku hiyo, usisumbuke kuja siku nyingine."

Lazima uelewe maana ya siku hiyo. Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wa dagaa hukaa nchi kavu, kwa sababu taa zao hazina kazi kwenye usiku mweupe. Mwezi ukipungua wanaingia majini. Mzee Ladi alikuwa akiondoka jioni ya kwanza ya giza, anahamia kambi za mbali, na harudi mpaka mwezi ukue tena. Kwa hiyo Sabas alikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ungefungwa jua likizama.

Tena Sabas hakujua kuogelea. Maji aliyoyazoea yeye ni ya majaruba ya mpunga, yanayoishia magotini. Aliniomba nimsindikize. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba, maana tangu utotoni nilitamani kuendesha baiskeli mahali ambapo upande mmoja kuna nchi na upande mwingine hakuna kitu ila maji.

Tulishuka kutoka Mpanda siku iliyotangulia, tukalala Karema kwa watu wanaofahamiana na mama yetu. Asubuhi tulitoka na baridi. Sabas alibeba shati jeupe nililomshonea mwenyewe, ndani ya mfuko wa nailoni lisichafuke, akiwa na fulana kuukuu mwilini. Kwenye keria nilifunga pampu, viraka, chupa za maji na viazi vya kuchemsha.

Mwanangu, sijui niielezeje ile asubuhi. Ziwa lilikuwa limetulia, na ng'ambo yake milima ya Kongo ilionekana kama imekatwa kwa mkasi. Mchanga ulioloweshwa na maji ulikuwa mgumu kama sakafu, ukikanyaga pedali baiskeli inateleza yenyewe. Kulikuwa na ndege weupe mbele yetu, tukiwakaribia wanaruka kidogo na kutua mbele tena, mpaka ikawa kama wanatuonyesha njia. Sabas alianza kuimba. Mimi nilianza kazi yangu: kuhesabu rasi na kukariri mawe. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba swali la Mzee Ladi litahusu njia. Atauliza ufukwe wa mawe mekundu uko kabla au baada ya mto, au mwamba gani una tundu. Kwa hiyo kila tulipopita kitu nilipaza sauti.

"Sabas, mwamba kama kichwa cha nyati, mkono wa kulia. Rudia."

"Mwamba kichwa cha nyati, kulia."

"Mti umeinama majini, wa pili kutoka kwenye mwamba."

"Dada, anayeoa ni mimi au wewe?"

Tukafika kambi ya kwanza ya wavuvi: vibanda vya nyasi, mitumbwi imepinduliwa, na mzee mmoja ameketi akishona wavu. Alituona kwa mbali, akasimama na kuinua mkono. Akapiga kelele kitu ambacho upepo ulikichukua. Tulipiga kengele zote mbili, tukampungia mikono, tukapita mbio. Nilijiona kama niko kwenye mashindano na watu wamejipanga kunishangilia.

Mbele kidogo ufukwe ukaisha. Haukupungua polepole. Uliisha. Mwamba ulisimama kutoka majini kwenda juu, laini kama ukuta, na mawimbi yakiupiga chini. Tulibeba baiskeli mabegani, tukajaribu kupanda kwenye mawe pembeni. Tulikatwa miguu na mawe makali. Sabas aliteleza, baiskeli yake ikaning'inia kwa usukani kwenye tawi, na yeye akaning'inia kwenye baiskeli. Tulipofika juu tulikuta kichaka cha miiba ambacho hata mbuzi hajakipita. Ikabidi turudi kulekule.

Yule mzee alikuwa bado amesimama. Mtu mzima, kifua wazi, sindano ya nyavu mdomoni. Aliitoa akasema:

"Nilikuwa nawaita niwaambie hakuna njia. Nyie mkanipungia mikono kama wakubwa wanaopita kwenye msafara."

"Tusamehe, baba," nilisema.

"Mimi nitasamehe. Sijui miguu yenu." Aliangalia damu kwenye vifundo vyetu, akatuita nyuma ya kibanda chake. Pale palikuwa na kijia, kinazunguka mgongo wa rasi na kushuka upande wa pili. Usingekiona ukiwa ufukweni hata ungekaa siku nzima. "Kinaanzia kwangu," alisema. "Ndiyo maana nimejenga hapa."

Tulimshukuru, tukakanyaga. Niseme ukweli: hatukumuuliza hata jina. Tulikuwa tumepoteza sehemu nzuri ya asubuhi, na jua lilikuwa limeanza kupanda kwa ukali.

Kile kijia kilitupandisha mpaka juu ya rasi, halafu kikatuachia. Mteremko ule naweza kuuona sasa hivi nikifumba macho. Ziwa lote limefunguka chini yako, kijani karibu na mawe na buluu mbele, na wewe unashuka huku breki zinalia na tumbo limebaki juu. Sabas alipiga ukelele mrefu wa kuchungia ng'ombe. Mimi nilikuwa nyuma yake nikicheka mpaka machozi yakaenda masikioni kwa upepo. Tuliingia kwenye ghuba ndogo kwa kasi hiyo hiyo, na pale ndipo mambo yalipotokea.

Ghuba ile ilikuwa imetapakaa fedha. Mchanga wote, kutoka kwenye mawe mpaka karibu na vibanda, ulikuwa umefunikwa na dagaa walioanikwa safu kwa safu. Mtu hakuonekana. Lilikuwa joto la kulala, kila mtu alikuwa ndani. Tulisimamisha baiskeli, na Sabas akatazama dagaa wale kwa uso wa heshima.

Sasa hapa nikwambie desturi ya kwetu. Majimoto ukipita penye mpunga ulioanikwa na mwenyewe hayupo, hupiti hivihivi. Unavua viatu, unaingia kwenye turubai na kuugeuza mpunga kwa miguu, ukiburuta unyayo kwa mistari iliyonyooka, ili wa chini uje juu upate jua. Ni salamu. Mwenyewe akirudi akakuta mistari, anajua kapita mtu aliyelelewa. Mama yetu alitufundisha hilo kabla hatujajua kusoma.

"Dada," Sabas alisema, "hatuwezi kupita bila kugeuza."

"Na hawa wanaweza kuwa ndugu zake Yusta."

Tukavua kandambili. Sabas akachukua safu ya kwanza, mimi ya pili. Tulienda sambamba, tukiburuta nyayo kwa makini kabisa, mistari imenyooka, tukifurahi kwamba hatimaye tumekuta kazi ya ufukweni tunayoiweza. Nilisikia vitu vidogo vikivunjika chini ya vidole nikadhani ndivyo dagaa wanavyokauka. Tulikuwa tumefika safu ya nne pale mama mmoja mfupi, amejifunga kanga kifuani na nyingine kichwani, alipotoka kibandani.

Hakupiga kelele. Alisimama akatuangalia kama mtu anayehakikisha macho yake.

"Nyie," alisema, "mnacheza ngoma kwenye chakula changu?"

"Tunakugeuzia, mama," Sabas akajibu kwa adabu zote.

"Unanigeuzia."

"Ndiyo, mama. Wa chini wapate jua."

Yule mama alikuja akainama, akaokota dagaa kiganjani, akatuonyesha. Vichwa mbali, miili mbali, na mchanga umeingia kila mahali. Dagaa, mwanangu, haguswi na mguu wa mtu. Anageuzwa kwa mkono au kwa ufagio laini, taratibu, na pembeni tu. Akivunjika hana bei, na akishika mchanga hakuna atakayemla. Tulikuwa tumeharibu safu nne za jasho la mtu, na tulikuwa tumeziharibu kwa adabu.

Sabas alijieleza. Alieleza mpunga, turubai, mama yetu, kila kitu, jasho likimtoka. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukaanza kutetemeka, akaketi chini kwenye mchanga na kucheka hadi kanga ya kichwani ikaanguka. Wanawake wengine wakatoka vibandani kuuliza kuna nini. "Wamenitwangia mpunga," aliwaambia. "Watu wa Majimoto wamekuja kunitwangia mpunga." Nao wakacheka. Sijawahi kutamani mamba atoke majini anichukue kama siku ile.

Alipomaliza kucheka, alifuta macho na sauti ikabadilika.

"Nani aliwazuia kupiga hodi?"

Alinyoosha kidole kwenye kibanda chake.

"Mlango huu hapa. Hatua chache. Mngesema hodi, mama, dagaa wako wanageuzwaje, ningewaonyesha, na mngenisaidia kweli. Nyie mmekuja na wema wenu mkononi, mkaumwaga bila kuuliza pa kuuweka. Sasa nani atakula huu mchanga?"

Neno hilo lilinichoma kuliko miiba ya rasini. Nikakumbuka yule mzee wa wavu aliyetuita asubuhi tukampungia mkono. Lilikuwa kosa lilelile, ila mara ya kwanza tulikuwa na haraka na mara ya pili tulikuwa na hisani.

Aliitwa Mama Zaituni. Alitupa matenga mawili, akatuambia tukusanye tulichoharibu, tukakisuuze ziwani mpaka mchanga utoke, kisha tukianike upya juu ya mawe yaliyofagiliwa. "Hao watakuwa wa kula nyumbani," alisema. "Waliobaki ndio wa kuuza." Sabas aliangalia jua. Nilijua anachofikiri. Lilikuwa limeshavuka katikati, na mbele yetu kulikuwa na ufukwe ambao hatuujui. Angeweza kusema tuna haraka, tunasubiriwa. Lakini alikunja suruali na kuingia majini na tenga, yeye asiyejua kuogelea, maji yakamfika kiunoni, akasuuza dagaa huku ameshika jiwe kwa mkono mmoja.

Tulipokuwa tunaanika, Mama Zaituni alituuliza tunakwenda wapi. Tukamwambia habari yote: Yusta, Mzee Ladi, swali, jua kuzama.

"Ladi," alisema. "Mkaidi yule. Na njia ya mbele mnaijua?"

Safari hii tuliuliza. Alituchorea kwa kijiti mchangani, kisha akafuta akasema kuchora hakusaidii, kwa sababu mdomo wa mto unahama kila masika. Aliingia ndani akatoka na kifurushi kidogo cha kitambaa, dagaa wazuri ndani yake, amekifunga kwa fundo lake.

"Hiki ni cha mdogo wangu Mwajuma, anakaanga mihogo Ikola karibu na mitumbwi. Mpelekeeni. Na sikilizeni vizuri. Kila kambi mtakayofika, mshuke, mpige hodi, mseme: tumetumwa na Mama Zaituni kwa Mwajuma. Mkionyeshe. Kambi hata moja msiiruke."

"Kwa nini zote, mama?" nikauliza.

"Kwa sababu kikipotea nitauliza kambi kwa kambi kilionekana mwisho wapi. Ndivyo tunavyotumana huku."

Sabas alikifunga kifurushi kwenye keria yake kwa kamba ya mpira, juu kabisa, mahali pa kuonekana.

Basi mwanangu, mchana ule ulikuwa na raha ambayo asubuhi haikuwa nayo. Nilidhani kusimama kila kambi kutatuchelewesha. Ikawa kinyume. Kambi iliyofuata kulikuwa na bibi anayeuza uji, anaitwa Bibi Skola. Alikiona kifurushi, akatambua fundo kabla hatujafungua mdomo. "Hilo fundo la Zaituni," alisema, akatupa uji bila kutuuliza hela, na kutuambia tusiufuate mchanga mweupe mbele, unazama, tupite juu kwenye mawe meusi. Tulipita kwenye mawe meusi, baiskeli zikidundadunda mpaka meno yanagongana, tukicheka kila spoku zilipolia. Kule chini ule mchanga mweupe ulilala umetulia, mzuri kuutazama.

Mtoni tulimkuta Jafari, kijana mwenye mtumbwi na maneno mengi. Mto ulikuwa mpana, na kwenye tope la ng'ambo kulikuwa na mamba wawili wamelala midomo wazi.

"Mmetumwa na nani?"

"Na Mama Zaituni, kwa Mwajuma wa mihogo."

"Ingieni. Baiskeli katikati, nyie mwisho na mwisho. Kaka, mbona umefumba macho?"

"Naomba," Sabas alisema.

"Omba umeyafumbua, unaniyumbishia mtumbwi."

Upepo wa jioni ulianza, mawimbi yakaja na povu, na maji yakaturukia usoni. Sabas alishika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili. Lakini katikati ya mto niliona ameyafumbua macho kweli. Alikuwa anaangalia ziwa. Jafari alikuwa amemtaja marehemu baba yake, na Sabas alikuwa anamuuliza alikufaje. Jafari akamwambia kuhusu upepo na usiku na mtumbwi uliorudi peke yake. Hawakuwa wamejuana kabla ya mtumbwi ule kusukumwa majini.

Kutoka pale jua lilishuka kwa haraka kama lililofukuzwa. Kambi ya mwisho tulipiga hodi tukiwa tunahema, tukaonyesha kifurushi, tukaonyeshwa kijia. Nilikuwa nimesahau kukariri mawe tangu mchana. Nilipokumbuka, nikamwambia Sabas nina wasiwasi: kama atauliza rasi ni ngapi hatutajua. "Acha tufike kwanza, dada," alisema. Tukakanyaga. Mapaja yaliwaka moto, mate yakawa mazito, na bado moyo wangu ulikuwa unaruka kama wa mtoto aliyeahidiwa nguo mpya. Tulipopinda kona ya mwisho tukaiona Ikola, moshi wa jioni, na mstari wa boti zikiwa tayari zimesukumwa majini, taa zikining'inia bado hazijawashwa.

Mzee Ladi alikuwa amesimama ndani ya maji, yanamfika magotini, mkono kwenye ubavu wa boti. Yusta na mama yake walikuwa mchangani. Yusta alipotuona aliweka mkono mdomoni.

Sabas alitupa baiskeli. Hata lile shati jeupe hakukumbuka kulivaa. Aliingia majini na fulana yake yenye matope, miguu imechanika, harufu ya dagaa imemjaa mwili mzima, akasimama mbele ya yule mzee akahema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefuata maji?"

"Nimefuata, baba."

"Basi nijibu." Mzee Ladi hakuwa na haraka, ingawa watu wake walikuwa wamekaa tayari na makasia. "Umepita kwa nani?"

Nilikuwa nyuma yao, nimeshika baiskeli yangu. Umepita kwa nani. Hakuuliza rasi, wala mwamba wa kichwa cha nyati, wala kitu chochote katika vyote nilivyokuwa nimemkaririsha. Nilifikiri kama angetuuliza hivyo asubuhi, mdogo wangu angekuwa hana jina hata moja la kusema.

Sabas akavuta pumzi. "Kwanza nimepita kwa mzee mmoja anayeshona wavu, kwenye rasi ya kwanza. Jina lake sikumuuliza, baba, na hilo ni kosa langu. Aliniita nikapita. Kisha nimepita kwa Mama Zaituni. Nimemharibia dagaa safu nne kwa miguu, nimemsuuzia. Nimepita kwa Bibi Skola, mguu wake umevimba, anauza uji ameketi. Nimepita kwa Jafari wa mtoni, ambaye baba yake alichukuliwa na upepo. Na nina kifurushi cha Mwajuma."

"Safu nne?" Mzee Ladi aliuliza.

"Nne, baba. Nilidhani ni kama mpunga."

Kwenye boti mtu mmoja akaanza kucheka, na mwingine, na kelele ikasambaa mpaka boti ya jirani. Mzee Ladi hakucheka. Alivua shati lake. Lazima ujue kwamba wavuvi wa pale, wakiingia majini, shati kavu la kurudia huachwa kwa mtu wa nyumbani, na hapewi mgeni hata siku moja. Kila giza mke wake ndiye aliyelishika. Mama Yusta alikuwa ameshanyoosha mkono. Mzee alimpita, akalikunja shati, akamwekea Sabas kifuani.

"Nishikie," alisema. "Nikirudi tutazungumza na wazazi wako. Na yule wa wavu anaitwa Baba Nuru. Kesho ukirudi, pita tena, umuulize mwenyewe jina lake kana kwamba hulijui."

Kisha akaruka ndani ya boti, na jua likazama nyuma yao.

Kesho yake, tukiwa tumeshamkabidhi Mwajuma kifurushi chake, tulirudi kwa njia ileile, tukashuka kila kambi. Safari ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa na la kutuambia. Kwa Mama Zaituni tulikula wale dagaa wa kusuuzwa. Walikuwa na mchanga kidogo. Hatukulalamika.

Nayasema haya sasa kwa sababu wiki iliyopita binti wa Sabas na Yusta alikuja kwangu Kawajense na wenzake wawili. Wana baiskeli nyepesi unazoweza kuinua kwa kidole, zenye gia nyingi, na kofia ngumu kama mayai ya mbuni. Wanataka kufuata maji kutoka Karema hadi Ikola, na zaidi ya hapo. Macho yao yanawaka kama yetu yalivyowaka. Nikamuuliza njia wanaijua.

"Shangazi, ramani iko kwenye simu. Hatuhitaji kusumbua watu."

Sikumbishia. Niliingia ndani, nikachota mchele wa Majimoto, nikaufunga kwenye kitambaa kwa fundo langu, nikamkabidhi. Ni wa Mama Zaituni, ambaye bado yuko pale ghubani, amezeeka kuliko mimi, na siku hizi anaanika dagaa juu ya vichanja. Nikamwambia ashuke kila kambi, apige hodi, aseme ametumwa na nani kwa nani. Aliniuliza kwa nini zote. Nikamwambia kifurushi kikipotea nitauliza kambi kwa kambi.

Kwa hiyo neno langu kwako, mwanangu, ni hili. Nenda. Usiogope mwamba wala mto, na usisubiri magoti yako yawe kama yangu. Lakini popote unapofika pana wenyewe, hata kama wamelala ndani kwa joto. Shuka kwenye baiskeli. Piga hodi. Uliza jina kabla hujauliza njia. Na ukiona kazi ya mtu ukatamani kumsaidia, muulize kwanza hapa kwao inafanywaje, maana kile ulichofundishwa nyumbani kuwa ni adabu kinaweza kuvunja chakula cha watu. Beba kitu cha mtu mmoja kwenda kwa mtu mwingine, hata kiwe kidogo kiasi gani, na hutakuwa mpita njia tena. Kisha siku moja mtu akikuuliza umepita kwa nani, uwe na majina mengi ya kumpa.

Mungu akuwekee upepo mgongoni na mchanga mgumu chini ya matairi. Kila kambi uikute na moto unaowaka na mtu wa kukuitikia hodi. Na jioni ukifika unakokwenda, umkute aliyekusubiri bado yuko nchi kavu, akuone, akukabidhi shati lake.